Kiwanja cha makazi Nyololo: kugawa, kujenga au kuuza

Nyololo ni kata ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia. Kwenye njiapanda yake huchepuka barabara ya Igowole na Kibao, iingiayo kwenye ukanda wa chai. Familia yenye kiwanja hapo ina njia tatu: kukigawa, kukijenga au kukiuza. Njia ya tatu ndiyo iliyochelewa kuliko zote.

Zamani Wahehe, wenyeji wa eneo hili, waliishi kwenye tembe zilizotawanyika. Mtu alipata ardhi kwa kufyeka pori, kurithi au kupewa na mkubwa wa eneo, na wanawe waligawana kadiri walivyooa. Ngome ya mtawala wao Mkwawa, Kalenga, ilianguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Mwaka uliofuata Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola yao. Sheria ya Waingereza ya 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana, na mwaka 1928 ikatambua haki ya wenyeji kuikalia kwa mila zao. Baada ya uhuru umilikaji wa kudumu nao ulifutwa, mwaka 1963. Kisheria basi, kilichoweza kuuzwa ni maendelezo tu, yaani nyumba, miti na mazao. Bei ya udongo ilijificha ndani ya bei ya kibanda.

Ujamaa ndio uliochora viwanja vya leo. Mkoani Iringa utekelezaji wa ujamaa ulikuwa na uchungu wake: Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971 katika ugomvi na mkulima. Kati ya 1973 na 1976 serikali ilihamishia watu vijijini nchi nzima, na mara nyingi nyumba zilipangwa kwa mistari karibu na barabara. Kiwanja kilichotolewa katika operesheni hiyo hakikuwa na makaburi ya mababu. Makaburi yalibaki kwenye mahame. Hilo lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa mtu huona vigumu kuuza mahali alipozikwa babu yake, lakini kiwanja alichoonyeshwa na serikali huachana nacho kwa wepesi zaidi.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilikubali kuwa ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikaleta hati ya hakimiliki ya kimila na kutaka uhamisho wa ardhi upitie halmashauri ya kijiji. Hata hivyo mauziano mengi vijijini yameendelea kwa karatasi ya mkono. Eneo hupimwa kwa hatua, labda 20 kwa 20, kisha huandikwa nani anapakana na muuzaji kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Mashahidi hutia sahihi au dole gumba, na mwenyekiti wa kijiji hugonga muhuri. Karatasi hiyo ina udhaifu mkubwa: jirani akifa au akiuza, mpaka ulioandikwa kwa jina lake hubaki bila wa kuutetea.

Kugawa nako kuna historia iliyowaumiza wanawake. Tamko la sheria za mila la 1963 liliwaweka mabinti daraja la mwisho katika urithi na kuwanyima uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka Bukoba, iliamua kuwa katazo hilo ni ubaguzi. Nayo sheria ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kuhamisha ardhi. Uamuzi wa kugawa au kuuza usiomhusisha mke na mabinti ni dhuluma, hata kikao cha ukoo kikiubariki.

Anayejenga kando ya barabara kuu anakabiliwa na jambo jingine. Hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifikisha mita 30. Kiwanja chenye kina cha mita 20 kilichoanzia kwenye mpaka wa zamani kimebakiwa na mita 12.5 za kujenga kwa usalama. Na kijiji kikitangazwa kuwa eneo la mipango miji, kama maeneo mengine ya barabara hii yalivyokwisha kuwa, ukubwa wa kila kipande hufuata mchoro ulioidhinishwa, na nyumba hujengwa kwa kibali cha halmashauri.