Redio ndogo, njia ndefu

Kabla mtu wa Thika au Ruiru hajafikiria kuweka mlingoti wa redio ya mtaa, afaa kuikumbuka Homa Bay. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kilifunguliwa huko kikitangaza kwa Kijaluo, mtambo wake ukiwa na nguvu ya wati 10 tu.

Mwaka 1984 serikali ilikifunga.

Miongo miwili ilipita kabla ya redio za jamii kushika mizizi. Mwaka 2004 Redio Mang'elete ilisikika Ukambani. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM, studio yao ikiwa ndani ya kontena la chuma, na mwaka uliofuata Kibera ikapata Pamoja FM. Vituo hivyo viwili vinatumia masafa yaleyale, 99.9, kwa kuwa mawimbi ya mtambo mdogo hayafiki mbali.

Ugumu wa leo ni leseni, umeme na mishahara. Wanaotaka redio Ruiru au Thika waanze na Mamlaka ya Mawasiliano. Mtambo ununuliwe baada ya masafa kupatikana.