Waliotangulia Kuvuka

Mvuvi wa Pemba aliyetweka tanga miaka ya 1930 akaelekea Shimoni au Watamu hakuwa anahama nchi. Alikuwa anakwenda dago, desturi ya zamani ya wavuvi wa mwambao: kufuata samaki, kupiga kambi ufukoni, kukausha ng'onda, kisha kurudi msimu ukigeuka. Hata kwa mujibu wa karatasi za wakubwa, ufuko alioteremkia ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliutawala ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya kwa mkataba wa 1895, wakimlipa Sultani kila mwaka, na bendera yake ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus pale Mombasa. Mpemba huyo, kisheria, alitoka kwao akafika kwao.

Wengi hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakazika wazee wao Kwale na Kilifi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 wakafuata wengine, safari hii si kwa ajili ya samaki.

Wamakonde walifika kwa mlango tofauti: wao walitafutwa. Mashamba ya mkonge na miwa ya pwani yalikuwa na njaa ya vibarua, na kuanzia miaka ya 1930 watu wa kaskazini mwa Msumbiji wakaletwa kukata mkonge na kulima miwa, wengine Kwale, wengine Taita na Kilifi. Vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilipoanza 1964, wakaja na wakimbizi. Wakoloni waliosajili manamba hawakuuliza uraia wa mtu. Waliuliza kama ana nguvu.

Disemba 12, 1963 ndipo swali la uraia lilipobisha hodi. Katiba ya uhuru ya Kenya ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa nchini, mradi mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha, kwa masharti. Kibarua wa mkonge aliyezaliwa upande wa Mto Ruvuma uliotawaliwa na Mreno hakuwa na lake katika kipengele hicho, na mwanawe aliyezaliwa kambini hakuwa na mzazi mzaliwa wa Kenya. Mpemba naye aliamka akakuta mambo yamebadilika chini ya miguu yake: Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikuwa wamekubaliana kwa barua kwamba ukanda wa Sultani uwe sehemu ya Kenya. Ardhi ikahamia Kenya. Mvuvi aliyekaa juu yake hakuna aliyemhamisha nayo.

Kinachoshangaza ni kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo viongozi walikuwa wanahubiri umoja. Juni 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yakawa Arusha. Ilikuwa jumuiya ya mashirika: reli, bandari, posta na simu, ndege. Aliyeajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki alihamishwa kutoka Kisumu hadi Tabora akaishi kama mwenyeji. Asiyeajiriwa na shirika lolote, kama mvuvi na mkata mkonge, jumuiya hiyo ilimpita juu kwa juu.

Na hata wenye ajira hawakuwa salama. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao Wajaluo. Arusha ilikuwa bado na jumuiya, lakini haikuwa na chombo ambacho wafanyakazi hao wangekikimbilia.

Jumuiya ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Kugawana mali kulichukua miaka, Mswisi Victor Umbricht akipatanisha, mpaka hati zikasainiwa Arusha Mei 1984. Mabehewa, meli na madeni vilihesabiwa kwa makini, kila nchi na asilimia yake. Familia zilizobaki upande usio wao hazikuwa kwenye hesabu.

Kukosa kitambulisho nchini Kenya hakuonekani kwa mgeni anayepita. Kunaonekana mtu anapotaka kuishi. Leseni ya uvuvi inahitaji kitambulisho, kwa hiyo Mpemba, fundi wa bahari kuu kuliko jirani zake, alivua kwa kujificha au kwa leseni ya mwingine. Hati ya shamba vilevile, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, bila hicho shule ikiwa ni mashaka. M-Pesa ilipoingia 2007, ikawa hata pesa ya samaki haiwezi kupokewa ila kwa simu iliyosajiliwa kwa jina la rafiki. Wapo waliojiandikisha kama watu wa kabila jirani. Wamakonde wazee hawakuwa na njia hiyo kirahisi, kwa kuwa chale za usoni ziliwatangaza kabla hawajafungua kinywa.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na Julai 2010 Soko la Pamoja likaanza, likiahidi watu na kazi kuvuka kwa uhuru. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali kitambulisho cha taifa kitumike badala ya pasipoti. Kwa wengi ilikuwa nafuu ya kweli. Kwa asiye na kitambulisho mlango ulifunguliwa kwa ufunguo ambao hajawahi kupewa, na kadiri umoja ulivyokua ndivyo kadi ile ilivyozidi kuwa na thamani. Si Kenya peke yake iliyokuwa na walakini huo. Mwaka 2013, Soko la Pamoja likiwa na miaka mitatu, Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga, ikafukuza maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda, Burundi na Uganda, baadhi wakiwa wameishi Kagera miongo kadhaa.

Sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 iliacha upenyo: asiye na uraia wowote aliyeishi nchini tangu uhuru, akijua Kiswahili au lugha ya mahali, angeweza kusajiliwa ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikaisha Agosti 2016, Wamakonde bado wanasubiri. Oktoba hiyo wakashika njia kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Disemba kwisha, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wapemba walingoja zaidi, kwa kuwa kila afisa alikuwa na jibu jepesi: hawa wana kwao, ni Watanzania, ingawa wengi hawakuwa na karatasi ya Tanzania pia. Zamu yao ilifika Julai 2023, Rais William Ruto alipowakabidhi uraia Kilifi. Leseni ya uvuvi sasa wanaiomba kwa majina yao wenyewe. Ila Tanzania haikuwemo katika makubaliano ya vitambulisho ya 2014, kwa hiyo Mpemba wa Watamu anayetaka kwenda kuwaona ndugu zake Wete, kisiwani Pemba, hana budi kutafuta hati ya kusafiria kwanza.