Tingatinga la Mto Mara: Lilikuaje, na Lina Faida Gani?

Leo tunazungumza habari za tingatinga la mafunjo la Mto Mara. Wako wasemao, "Hilo ni pori tu, lichomwe tulime." Wengine husema, "Lilimeza shamba la baba." Wote wana sababu zao. Lakini kabla ya kukata shauri, tutazame historia yake.

Mto Mara unaanzia nchini Kenya, ambako mito ya Amala na Nyangores, inayotoka Mau, hukutana. Hupita Maasai Mara, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukitoka hifadhini, Tarime iko upande wa kaskazini na wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Njiani hupokea maji ya Somoche na Tigithe. Kisha nchi inakuwa tambarare, maji yanakwenda polepole, na hapo ndipo tingatinga linapoanza, hadi kufika karibu na Kirumi na Ziwa Victoria.

Zamani tingatinga hili lilikuwa dogo. Mambo mawili yalilikuza. La kwanza ni ziwa. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, na kufika 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Maji ya mto yakakosa pa kwenda, yakatandaa kwenye mashamba na malisho. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena, likaipita kidogo hata alama ile ya 1964.

Jambo la pili ni udongo. Huko Mau misitu ilikatwa ili watu walime, na mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa sehemu kubwa ya msitu katika hifadhi. Lakini tusiwanyoshee kidole majirani peke yao. Nasi tumefyeka miteremko yetu na kulima kufuata mteremko. Mvua ikinyesha, udongo huteremka mpaka bondeni, nayo mafunjo hupata pa kushika mizizi. Kwa hiyo shamba la baba lilimezwa na maji, ndiyo, lakini pia na udongo wa mashamba ya juu.

Je, faida yake? Mafunjo hupunguza kasi ya mafuriko na kuzuia tope lisiingie ziwani. Humo wamo kambare na kamongo. Tunapata mikeka, majani ya kuezekea, na malisho wakati wa kiangazi.

Lakini tingatinga nalo lina mwisho wa uvumilivu. Mwezi Machi 2022 maji ya eneo la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji na samaki wa hapo. Kamati ya wataalamu ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vikamaliza hewa ya oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika, na ubishi ukawa mkubwa. Hata hivyo somo moja halina ubishi: kinachoingia mtoni huku juu hunywewa na mtu wa chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kwa mwenye eka moja, mita 60 si mchezo. Ndiyo maana mzigo huu usiachiwe mtu wa kando ya maji peke yake. Wewe wa mlimani, lima kwa kukinga mteremko, chimba makinga maji na upande majani ya tembo juu yake. Wewe wa bondeni, kata mafunjo kwa mundu, usiyang'oe wala kuyachoma. Wenye ng'ombe, tengeni njia ya kunyweshea. Na sote tuingie katika jumuiya za watumia maji, maana huko ndiko mtu wa juu na wa chini hukaa baraza moja.

Tingatinga halikui wala kufa peke yake. Linafuata jembe letu.