Jumba, Santuri na Neno: Safari ya Taarabu kutoka Kasri ya Barghash hadi Nyamuswa



Katika enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901, mji uliojiona mkubwa ulijipima kwa jumba lake la opera. Jumba tulijualo leo la Covent Garden, London, lilifunguliwa mwaka 1858. Cairo ilifungua lake mwaka 1869, mwaka uleule wa kufunguliwa Mfereji wa Suez. Hata Manaus, mji ulio katikati ya msitu wa Amazon, ulipata jumba lake mwaka 1896. Pwani ya Waswahili haikujengewa jumba la namna hiyo, na kutokana na ukweli huo wako wanaoharakisha kusema kwamba hatukuwa na sanaa ya aina hiyo. Nakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lilikosewa tangu mwanzo, kwa kuwa lilitafuta ukuta mahali palipopaswa kutafutwa sauti.

Tuanze Unguja. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Mapokeo ya Unguja yanasimulia kwamba alileta wanamuziki kutoka Misri, kisha akampeleka Cairo kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni na kurudi kuwafundisha wengine. Tukiyakubali masimulizi hayo, basi Cairo ile iliyokuwa na jumba jipya la opera ndiyo iliyotupatia muziki wa kasri. Tulichochukua ni ala na namna ya kuimba. Jumba tuliliacha hukohuko.

Barghash naye alikuwa mjenzi. Mwaka 1883 alisimamisha Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya wageni. Atazamaye nguzo zake za chuma zilizobeba roshani pana pande zote atatambua ufundi uleule uliobeba roshani za majumba ya maonyesho ya Ulaya katika karne hiyo. Milango yake mikubwa, hata hivyo, ilichongwa kwa nakshi na aya za Kurani. Umeme uliwaka humo kabla ya kuwaka katika nyumba nyingine yoyote mjini. Waliokaribishwa ndani walikuwa wachache, na nyimbo za kasri ziliimbwa kwa Kiarabu. Hata chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza na nyimbo za Kiarabu.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo kwenye neno lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Taarabu hutokana na Kiarabu ṭarab, msisimko aupatao mtu kwa kusikia muziki. Ustaarabu una mzizi mwingine kabisa, ule wa neno Mwarabu. Katika Kiarabu mizizi hiyo miwili haichanganyiki: mmoja una ṭā wa mkazo, mwingine una ʿayn. Kiswahili hakina ʿayn wala hakitofautishi ṭā na tā, kwa hiyo maneno hayo yalipofika kwetu yakafanana kama mapacha. Kwa maoni yangu, irabu ile ndefu ya taarabu, ambayo ṭarab haina sababu ya kuizaa, ni alama ya kuvutwa na ustaarabu. Msikilizaji wa karne ya 19 alisikia katika neno moja furaha ya muziki na hadhi ya wenye kasri. Wanaoandika kwamba taarabu maana yake ni “kustaarabika kwa muziki” wamekosea etimolojia, lakini wameinasa vizuri siasa ya neno.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiozidi dakika 45. Kasri za jirani zikaharibika vibaya. Beit al-Ajaib ikasalimika, na baadaye ikaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Kuanzia mwaka 1911 ikawa ofisi za serikali ya kikoloni. Katika mwaka huohuo wa 1911, kwa simulizi ya wengi, mwanamke mmoja muuza vyungu alihama Fumba kuja mjini.

Huyo ni Siti binti Saad. Shaaban Robert, katika wasifu wake uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1958, anaeleza kwamba baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Basi aliyeitoa taarabu katika Kiarabu na kuiimba kwa Kiswahili alikuwa na damu ya bara pande zote mbili. Aliimba mambo ambayo kasri isingeyaimba. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku muuaji akiponyoka. Kama opera ni kisa kizito cha watu kinachosimuliwa kwa kuimbwa, basi hii ilikuwa opera, na ukumbi wake ulikuwa ua wa nyumba ya Ng'ambo.

Mwaka 1928 una mambo mawili ambayo vitabu vyetu huyaweka katika sura tofauti. Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Na huko Mombasa wajumbe wa serikali na wamisheni walikutana wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wanafunzi wangu hunitajia mkutano wa Mombasa bila kusita. Safari ya Bombay huwa sina budi kuwakumbusha. Mkutano ulisanifisha maandishi. Ni nani aliyewasikilizisha watu wa bara Kiunguja chenyewe, kwa lafudhi yake, kabla shule hazijaenea?

Mimi ni mzaliwa wa Nyamuswa, mkoani Mara, mbali na bahari, karibu na ziwa lililopewa jina la malkia yuleyule mwaka 1858. Lugha zetu kadhaa za huko hazitofautishi r na l, na mwalimu alitumia kiboko kutufundisha kwamba kula si kura. Redio ilifundisha kwa upole zaidi. Jioni ilipopigwa taarabu ya Unguja au ya Tanga, mama zetu waliirudia wakipepeta nafaka, na vina vilituonya: penye kina cha -la, ukitamka -ra wimbo unavunjika na wenzako wanacheka. Nilijua kutamka “mahaba” na “hidaya” kabla sijaona mnazi.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakapoteza maisha. Kilio kilikuwa kikubwa, na kilistahili. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na jumba lile ndilo uso wake. Lakini sikumbuki kilio chochote kwa ajili ya santuri, nazo huvunjika kwa kudondoka mara moja tu. Jengo lina michoro na picha za kulijengea upya. Matamshi ya mwaka 1928, santuri yake ikipotea, hayana mchoro.

Niliwahi kuketi na wanafunzi wanne tukijaribu kuandika maneno ya upande mmoja wa santuri ya zamani iliyokwaruzika. Tulikaa siku tatu. Neno moja katika ubeti wa pili lilitushinda: wawili walisikia “hakimu”, wawili “hakumu”, na sindano kila ilipofika hapo iliruka. Daftari lile ninalo bado, na nafasi ya neno hilo tumeiacha wazi.