Mlikuwa Wangapi?

Juni mwaka jana niliwapeleka wanangu wawili Kashozi, kwa mama yangu. Kule Juni ni kiangazi na ni msimu wa kahawa. Uani mikeka imejaa matunda mekundu yanayoanikwa, kuku wanafukuzwa kila baada ya dakika tano, na jikoni kuna ndizi na maharage, siku ikiwa nzuri na dagaa wa kupandishwa na wachuuzi kutoka ziwani. Watoto wa mjini huchoka na mambo hayo baada ya siku mbili. Siku ya tatu wakaanza: baba, twende ziwani.

Tukateremka hadi mjini Bukoba, tukapanda mtumbwi wa injini kwenda kisiwa cha Musira, kile kinachoonekana pale mbele ya mji. Ilikuwa siku nzuri, kusema kweli. Maji yametulia, watoto wanachezesha vidole majini, mimi napiga picha kama mtalii. Jioni tuliporudi nyumbani, mama hakuuliza kama tulifurahi. Aliendelea kuchambua kahawa yake, akauliza, "Mlikuwa wangapi kwenye mtumbwi?"

Sikujua. Kumi na mbili, labda kumi na tano. Na maboya? Nikasema tulivaa sisi, wengine sikuangalia. Akaguna tu. Nilikasirika kidogo, maana mtu mzima anaulizwa kama mtoto. Lakini usiku lile swali lilinikosesha usingizi, kwa sababu nililijua. Ni swali la bibi, mama yake.

Kashozi maana yake ni kilima kidogo. Wageni wanaosikia "mwenyeji wa Bukoba" wanadhani sote tulizaliwa majini kama kamongo. Si kweli. Mhaya wa kawaida ni mtu wa kibanja: migomba, kahawa, ng'ombe kama Mungu kamjalia. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi. Ziwa, ambalo wazee waliliita Lweru, tuliliona kwa mbali, na lilikuwa na mwenyewe, Mugasha, ambaye hakuchezewa. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, lakini wingu jeusi likitokea upande wa ziwa alikuwa anashusha sauti.

Hata hivyo, karibu kila kilichobadilisha maisha ya kilima kile kililetwa na chombo cha majini. Mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo kule Buganda, Askofu Jean-Joseph Hirth na Wakristo waliokuwa upande ulioshindwa walikimbilia kusini, wengi wao kwa mitumbwi. Mwishoni mwa mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Kengele iliyokuwa inamwamsha bibi yangu ilikuwa ya wakimbizi wa ziwani.

Miaka 17 kabla ya hapo alipita mwingine. Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Huko Bumbire, kisiwa ambacho leo ni cha Muleba, wenyeji waliikokota mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia. Alitoroka, watu wake wakipiga maji kwa mbao za sakafu ya mashua. Agosti akarudi na mitumbwi iliyojaa watu na bunduki, akawamiminia risasi watu waliokuwa wamesimama ufukweni. Kisha akaandika mwenyewe kwenye magazeti, pamoja na hesabu ya maiti aliowaona. Uingereza kukawa na kelele nyingi juu ya habari hiyo.

Nimemsoma Stanley zaidi ya mara moja, na kila mara kinachonisumbua ni kwamba alihesabu. Watu wa Bumbire waliingia kwenye maandishi ya dunia kama namba, tena namba ya waliokufa. Jina la aliyekuwa baba wa nani, mume wa nani, hakuna.

Zikaja meli za moshi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo kahawa ya Bukoba ikapata njia: meli hadi Kisumu, treni hadi Mombasa, halafu Ulaya. Magunia yalipimwa, yakahesabiwa, yakaandikwa. Gunia likipotea kuna mtu wa kuulizwa. Kwenye meli hizohizo walipanda pia watu. Wamo wanawake wa Kihaya waliokwenda Kampala na Nairobi kutafuta maisha, wengine kwa kuuza miili yao. Mwanahistoria Luise White ameandika habari zao katika The Comforts of Home, kitabu cha mwaka 1990, na anaonyesha jinsi fedha zao zilivyorudi nyumbani na kununua mashamba. Kwetu vijijini habari hizo zilisemwa kwa kunong'ona. Mwanamke aliyepanda meli alihesabika kama aliyepotea, hadi siku aliporudi na hela. Hapo akawa shangazi tena.

MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, na kwa watoto wa rika langu safari ya meli ndiyo ilikuwa likizo yenyewe. Unalala Bukoba, unaamka Mwanza. Mkungu wa ndizi miguuni, kuku ndani ya kapu, mama wa watu usiyemjua anakugawia senene.

Halafu Mei 1996. Nilikuwa na miaka minane, nakaa kwa bibi. Jumatatu jioni tarehe 20 MV Bukoba iliondoka bandarini, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo. Asubuhi ya Jumanne ikapinduka ikiwa karibu kabisa na Mwanza. Kwa muda ilielea ikiwa imegeuka, na watu ndani walisikika wakigonga. Chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikazama.

Sisi tulikuwa na redio. Hadi mchana ua ulijaa watu. Hakuna aliyelia mwanzoni, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Walikuwa wanahesabu. Bibi alikaa kwenye kigoda, mikono wazi, anakunja vidole: nani alionekana Jumatatu akienda mjini na begi, nani alisema ana mgonjwa Bugando, nani aliazima hela ya nauli. Kila nyumba ilihesabu watu wake, kisha watu wa jirani. Watoto tulitumwa huku na huku: nenda kamwangalie fulani kama yupo. Tukirudi na jibu la "yupo", bibi alinyoosha kidole kimoja.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi inayotajwa mara nyingi ni "zaidi ya 800", na hiyo "zaidi ya" ni watu. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Kahawa ilikuwa na karatasi, daraja la tatu halikuwa na karatasi. Orodha yao ilikuwa vidole vya akina bibi, kilima kwa kilima.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, tulijua haraka: walikuwemo 43, wamekufa 19, wameokoka 24. Ndege ina orodha. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao alisimulia jinsi alivyotumia kasia kuuvunja mlango wa nyuma. Nilitazama picha zile nikawaza: je, mtumbwi wa mvuvi huyu ukizama usiku wa leo, nani ana orodha?

Bibi alifariki zamani. Tulimdhania ana woga wa maji tu, na sisi tuliosoma tulimcheka, eti mshamba anaogopa ziwa la nyumbani kwake. Sasa naona hakuwa anauliza kwa woga. Alikuwa anatunza daftari.

Jumapili iliyofuata watoto waling'ang'ania Musira tena. Tukaenda. Kabla injini haijawashwa nilisimama nikaanza kuhesabu kwa sauti, vichwa vyote, na mtoto mgongoni mwa mama yake. Kijana wa mtumbwi akacheka, "Bro, tutachelewa." Abiria mmoja, mama mtu mzima mwenye kapu la nyanya, akamwambia anyamaze.

"Mwache ahesabu," alisema. "Mimi umeniweka?"

Tulikuwa kumi na nne.