Majeraha ya Utumbo wa Mwisho, na Jinsi Waganga Walivyojifunza Kuyatibu

Katika mazungumzo haya twataka kueleza khabari za jeraha ambalo watu wengi huona haya kulitaja, nalo ni jeraha la puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iliyo juu kidogo ya tundu la haja kubwa. Tutasema kwa heshima, lakini hatutaficha neno, kwa sababu haya yenyewe ni sehemu ya khabari yetu. Mtu aliyeumia mkono huonyesha mkono wake kwa kila apitaye. Aliyeumia mahali hapa hujifunika shuka na kusema ya kuwa hajambo, na siku ya tatu homa humpanda na tumbo lake huwa gumu kama ubao.

Yafaa kwanza tufahamu mahali penyewe palivyo. Puru ni mfuko mrefu wa nyama, urefu wake kadiri ya sentimita 15, nao umekaa ndani ya mifupa ya nyonga kama kitu kilichowekwa ndani ya bakuli. Mbele yake kwa mwanamume ni kibofu cha mkojo, na kwa mwanamke ni njia ya uzazi. Sehemu yake ya juu imefunikwa na ule utando laini uzungukao matumbo yote. Sehemu ya chini haina utando, bali imezungukwa na mafuta tu. Basi pakitoboka juu, uchafu humwagika tumboni, na mgonjwa hupiga kelele kwa maumivu. Pakitoboka chini, uchafu hupenya polepole katika mafuta yale, wala tumbo halitoi dalili yo yote kwa muda, hata usaha umekwisha enea kotekote. Hili la pili ndilo lililowadanganya waganga kwa karne nyingi.

Watu wa kale hawakuwa na tumaini kubwa. Katika maandiko yaliyopewa jina la Hippocrates, mganga wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, jeraha la utumbo mwembamba limetiwa katika hesabu ya majeraha yauayo. Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, alisema ya kuwa utumbo mwembamba ukitoboka hakuna la kufanya, lakini utumbo mpana waweza kushonwa, ingawa matumaini ni machache. Katika Bara Hindi, kitabu cha Sushruta chaeleza jinsi ya kuunga utumbo kwa chungu wakubwa weusi: mganga alishika kingo mbili za kidonda pamoja, akamwachia chungu aume, kisha akakata kiwiliwili na kuacha kichwa kimeshika. Wasomaji waliopata kuumwa na siafu wataamini upesi ya kuwa taya zile zaweza kushika.

Jambo lililokuja kuwaokoa watu halikubuniwa na mganga ye yote, bali lilionekana vitani. Katika mwaka 1706 yalipiganwa mapigano makubwa huko Ramillies, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Askari mmoja, George Deppe, alipata jeraha la tumbo, na utumbo wake ukatokeza nje ukabaki wazi huko huko. Haja yake ilitoka kwa tundu lile. Kila mtu alidhani ya kuwa atakufa; naye aliishi miaka 14. Miaka minne baada ya mapigano hayo, yaani katika 1710, mganga Mfaransa aitwaye Littré alitoa shauri ya kuwa mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja aweza kufunguliwa mlango mwingine katika ngozi ya tumbo. Wengi waliona ni maneno ya ndoto tu. Hata katika 1793, huko Brest, mganga Duret alimfanyia kazi hiyo mtoto mchanga wa siku chache, na mtoto yule alikua akawa mtu mzima.

Twaomba msomaji alishike jambo hili, la kufungua mlango wa haja katika tumbo, maana litarudi. Maana yake ni nyepesi: kama bomba limepasuka chini, maji hufungwa juu, ili fundi apate kufanya kazi pakavu.

Lakini kujua jambo si kulitumia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, tangu 1861 hata 1865, dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha julikana, lakini waganga walikuwa hawajajua vijidudu. Walitia vidole visivyooshwa katika vidonda ili kutafuta risasi, na walio wengi wa waliopigwa risasi za matumbo walikufa. Lister alitangaza njia yake ya kuua vijidudu katika 1867, na baada ya hapo waganga wa mijini wakaanza kuthubutu kupasua tumbo na kushona matundu ya risasi.

Ndipo ilipokuja vita ya Makaburu ya Afrika ya Kusini, 1899 hata 1902, na wale waganga wa Kiingereza walikwenda huko wakiwa na matumaini ya kupasua kila tumbo lililopigwa. Wakashindwa. Majeruhi walibebwa kwa machela na kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, mwendo wa saa nyingi juani. Maji safi yalikuwa haba, na vumbi na nzi walijaa katika mahema. Waliopasuliwa walikufa, na baadhi ya walioachwa walipona. Sir William MacCormac, mganga mkuu mwenye sifa, akatoa neno lililoenea majeshini: ya kuwa katika vita ile mwenye jeraha la tumbo hufa akipasuliwa, na huishi akiachwa kwa amani. Kwa maoni yetu neno hilo lilikuwa la kweli mahali pale, nalo lilikuwa la hatari mahali pengine pote. Risasi za siku zile zilikuwa nyembamba, na zilipigwa kutoka mbali; wengine waliopona huenda utumbo wao haukutoboka kabisa, na waliotoboka vibaya walikufa uwanjani kabla ya kuhesabiwa na mganga. Tena waliopasuliwa walipasuliwa wakiwa wamechelewa. Kosa halikuwa la kisu, bali la saa.

Aliyelionyesha hilo alikuwa mwanamke. Vera Gedroits, binti wa ukoo wa kifalme katika Urusi, alikuwa amejifunza upasuaji Uswisi. Vita ya Urusi na Japani ilipotokea katika 1904, alikwenda Manchuria, akafanya kazi ya upasuaji ndani ya behewa la gari la moshi karibu na mahali pa mapigano. Wenye majeraha ya matumbo waliofika kwake mapema aliwapasua mara moja, akapata kuponya watu ambao kwa kawaida ya wakati ule wangaliachwa. Warusi waliisikia khabari hiyo. Waganga wa Ulaya ya magharibi hawakuisikia, au hawakuijali.

Kwa hiyo Vita Kuu ilipoanza katika 1914, majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliingia na shauri lile lile la kuacha kwa amani. Lakini vipande vya mizinga havikuwa kama risasi za Makaburu. Vilipasua nyama na kuingiza ndani vitambaa vya nguo na matope ya mashamba yaliyotiwa mbolea ya ng'ombe, na walioachwa walikufa karibu wote. Mapema katika 1915 mganga Owen Richards alikata utumbo uliopasuliwa na risasi, akauunga, na mgonjwa akapona. Cuthbert Wallace na wengine wakashika njia hiyo, na hospitali za kupokea majeruhi zikasogezwa mbele. Ikawa amri ya kazi: tumbo lipasuliwe katika saa za kwanza. Hata hivyo, majeraha ya puru yaliendelea kuua wengi, kwa sababu mahali penyewe ni pa ndani, mifupa imepazunguka, na damu hutoka nyingi.

Katika Afrika ya Mashariki vita hiyo hiyo ilikuwa ya mwendo mrefu porini, na hospitali ilikuwa mbali mno na majeruhi. Tena watu wengi zaidi katika wapagazi, ambao jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, waliuawa na maradhi, kuhara damu kukiwa mbele, kuliko waliouawa na risasi.

Sasa tufike katika Vita ya Pili, maana hapo ndipo khabari yetu ilipogeuka. Heneage Ogilvie, mganga wa hospitali ya Guy's mjini London, alikuwa mshauri wa upasuaji wa majeshi ya Waingereza, kwanza katika Afrika ya Mashariki, kisha katika jangwa la Misri na Libya. Aliona vijana wakishonwa utumbo mpana vizuri na waganga hodari, wakapelekwa nyuma kwa magari katika njia mbovu, na siku ya nne mshono ukafumuka pasipo mtu wa kuwaangalia. Akasisitiza ya kuwa utumbo mpana uliojeruhiwa utolewe nje ya tumbo, au ufunguliwe mlango juu ya jeraha, wala usishonwe na kurudishwa ndani. Katika 1943 mganga mkuu wa jeshi la Marekani alitoa amri namna hiyo hiyo. Haikuwa tena shauri la mganga, ilikuwa sheria.

Kwa puru waganga waliongeza jambo la pili. Walikata njia nyuma, karibu na mfupa wa mkia, wakatia mrija ili usaha upate kutoka. Vifo vikapungua sana. Wengi walisema ya kuwa ni kwa sababu ya amri ile, na kweli ilisaidia. Lakini tusisahau ya kuwa katika miaka ile ile ilikuja damu ya kutiwa mishipani kwa wingi, ikaja dawa ya salfa, ikaja penisilini. Mambo manne yakija pamoja, ni vigumu kumpa mmoja sifa yote.

Vita ile iliwafundisha pia jinsi ya kutambua. Mganga wa zamani alitazama tumbo. Mganga wa jangwani alijifunza kutazama njia ya risasi. Kitundu kidogo katika tako, katika paja, au juu ya kinena, ambacho mtu angekifunga kitambaa na kukisahau, huenda ndicho mlango wa risasi iliyopita katika puru. Basi kila jeraha la sehemu hizo lilipasa kupimwa kwa kidole kilichovikwa mpira, na kidole kikitoka na damu, shauri limekwisha. Kisipotoka na damu, shauri halijaisha, maana kidole hakifiki juu. Hapo hutumiwa bomba lenye taa. Tena hutazamwa mkojo, kwani kibofu ni jirani, na damu katika mkojo ni khabari ya nyumba ya pili. Leo pana picha za mashine zionyeshazo mwili vipande vipande, lakini kipimo cha kidole hakijaachwa.

Hapa tutoke vitani kidogo. Katika vijiji jeraha hili huja kwa njia nyingine: mgema aliyeanguka kutoka mnazi juu ya kigingi, mchungaji aliyepigwa pembe na fahali, abiria aliyevunjika nyonga gari lilipopinduka, na mtoto au mwanamke aliyetendewa ukatili, ambaye haya yake ni kubwa kuliko ya wote ingawa kosa si lake. Kama mti umebaki ndani ya mwili, usichomolewe njiani. Mara nyingi ndio uzuiao damu, na huchomolewa mbele ya mpasuaji. Mgonjwa asipewe chakula, wala asitiwe dawa ya kuharisha kwa nyuma, maana maji hayo husukuma uchafu kwenye jeraha. Apelekwe hospitali siku ile ile, naye aeleze wazi alivyoumia.

Katika vita ya Vietnam helikopta zilifupisha njia iliyokuwa ya saa nyingi hata ikawa ya dakika. Mwaka 1971 waganga wawili wa jeshi, Lavenson na Cohen, walieleza faida ya kuosha puru yote kwa maji baada ya kufungua mlango wa juu, na kwa muda kanuni ikawa na nguzo nne: mlango wa haja tumboni, mrija wa nyuma, kuosha, na kushona tundu likifikika.

Kisha kanuni hiyo ikaanza kupimwa na waganga wa mijini, ambao wagonjwa wao hulala kitanda kimoja tangu siku ya kwanza hata ya mwisho. Katika 1979 Stone na Fabian, huko Marekani, waligawanya wagonjwa wa utumbo mpana kwa bahati nasibu, nusu washonwe, nusu watolewe utumbo nje, wakichagua wasio na hali mbaya mno. Walioshonwa hawakudhurika, walipata usaha kidogo kuliko wenzao. Amri ya 1943 ilikuwa imezaliwa katika njia mbovu za jangwa, na katika wodi ya mji haikuwa na kazi ile ile. Katika 1998 jaribio jingine la namna hiyo lilionyesha ya kuwa mrija wa nyuma haukuwasaidia wenye majeraha ya puru. Na katika 2016 chama cha wapasuaji wa majeraha cha Marekani ya mashariki kilishauri ya kuwa, kwa jeraha la sehemu ya chini isiyo na utando, mrija na kuosha viachwe kuwa desturi, bali mlango wa tumboni ubaki.

Basi katika nguzo nne ile kuu iliyobaki ni ile iliyomweka hai askari wa Ramillies. Tofauti ni kwamba yeye alikaa nayo hata kufa. Mgonjwa wa leo huvaa mfuko mwembamba chini ya nguo yake, huenda shamba na sokoni, na baada ya miezi kadhaa, puru ikiisha kupona na kupimwa, hurudi hospitalini, utumbo ukaungwa, na ngozi ya tumbo ikashonwa.