Kiingilio cha mtu wa Buhongwa

Wiki hii tuzungumze juu ya mpira wa miguu, lakini si juu ya magoli wala waamuzi. Tuzungumze juu ya fedha za televisheni, na jinsi zilivyombadilisha mtu mmoja ambaye viongozi wa klabu humtaja sana wakiwa jukwaani na kumsahau wakishaingia ofisini. Nina maana ya mshabiki wa kawaida.

Nimemchagua mshabiki wa Buhongwa kwa sababu. Buhongwa ipo pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kwenye barabara ya Shinyanga, ukishapita Nyegezi na Mkolani. Uwanja wa CCM Kirumba upo upande wa pili wa jiji. Mtu wa Buhongwa akitaka kuangalia mpira Kirumba ni lazima apande daladala, apite Mkuyuni na Igogo, avuke katikati ya mji, alipe kiingilio, na mechi ikiisha agombee usafiri na maelfu ya wenzake. Jirani na nyumbani kwake kuna kibanda umiza. Kwa shilingi mia tano, au elfu moja ikiwa mechi ni kubwa, anakaa kwenye benchi na kuona mpira ule ule, tena akirudishiwa bao mara tatu. Mtu mwenye akili timamu na mfuko mwepesi atachagua nini?

Haikuwa hivyo siku zote. Tarehe 10 Agosti 1974 Simba na Yanga zilikutana hapa hapa Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana, kuamua nani awe bingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba kwanza. Gibson Sembuli akaisawazishia Yanga muda ukiwa umekaribia kwisha, na Sunday Manara akapata bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Matokeo yakawa 2 kwa 1. Hakuna kamera ya televisheni iliyopeleka mchezo ule sebuleni kwa mtu, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Aliyetaka kuona alikwenda Nyamagana. Aliyeshindwa alitega sikio kwenye redio.

Redio haikuwa adui wa mlango wa uwanja. Sauti ya mtangazaji humwachia msikilizaji njaa ya kuona kwa macho. Kizazi kilichokua na sauti ya Ahmed Jongo au Charles Hilary kilisikia chenga, kikaziona kwa akili, na timu ile ile ilipokuja mjini kikakimbilia kwenda kuhakikisha. Hata Novemba 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella Abidjan 2 kwa 0 jijini Dar es Salaam, wakazi wengi wa Mwanza walilia pembeni ya redio. Kituo cha kwanza cha televisheni Bara kilikuja mwaka uliofuata.

Katika miaka ile klabu zilikula wapi? Zilikula mlangoni. Kiingilio ndicho kilichokuwa chakula, pamoja na ada za wanachama, misaada ya matajiri wachache na mkono wa mashirika ya umma. Pamba ya Mwanza, ile TP Lindanda iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, ilibeba hata jina la zao lililoilea. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa, timu nyingi za namna hiyo zilibaki yatima. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001 ikakaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20.

Sitaki kuipamba enzi ile. Tiketi za bandia zilikuwapo, watu waliruka ukuta, na fedha za mlangoni zilikuwa na tabia ya kupungua kila zilipopita mkono mmoja kwenda mwingine. Wachezaji walikaa miezi bila mshahara, na timu za mikoani zilikwama kwenye nyumba za wageni kwa kukosa nauli. Lakini mapato ya mlangoni yalikuwa na jambo moja ambalo watu hulisahau: yalimpa mshabiki nguvu ya kususa. Asipokwenda, kiongozi alisikia njaa Jumatatu asubuhi.

Tazameni sasa wenzetu wa Uingereza, maana huko ndiko fedha hizi zilikoanza kufurika, na ndiko nusu ya vijana wa Buhongwa walikoweka mioyo yao. Mwaka 1983 mkataba wa kwanza wa kuonyesha ligi yao moja kwa moja ulikuwa pauni milioni 5.2 kwa miaka miwili. Mwaka 1992, Premier League ilipoundwa, mkataba ulifika pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Kwa misimu mitatu iliyoanza 2016, televisheni za Uingereza peke yake zililipa zaidi ya pauni bilioni 5. Mshabiki wa huko alipata viwanja salama zaidi, kwa sababu maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, ambayo waliokufa walifikia 97, yalileta amri ya kuondoa majukwaa ya kusimama katika viwanja vikubwa. Lakini bei za tiketi zilipanda, na mechi za Jumamosi alasiri zikatawanywa hadi Jumatatu usiku ili kamera zipate nafasi.

Hata hivyo wale hawakuipoteza nguvu yao yote. Februari 2016 klabu ya Liverpool ilitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu msimu uliofuata ingekuwa pauni 77. Timu ikicheza na Sunderland, mashabiki wapatao elfu kumi walisimama dakika ya 77 wakatoka nje. Timu yao ilikuwa inaongoza 2 kwa 0. Mchezo ukaisha 2 kwa 2. Baada ya siku chache wenye klabu walifuta mpango huo na kuomba radhi. Na ugonjwa wa korona ulipovifunga viwanja mwaka 2020, vituo vya televisheni vilianza kuweka makelele ya kurekodi ili mchezo usionekane kama mazoezi. Kwa hiyo hata mwenye kamera anajua kwamba bila watu jukwaani bidhaa yake ni pungufu.

Ndipo ninapouliza: mtu wa Buhongwa akisusa kibanda umiza, nani atajua? Mwenye kibanda atajua, na hasara ni yake peke yake. King'amuzi kimekwisha kulipiwa, klabu imekwisha kupata mgawo wake, na mechi itaendelea.

Fedha hizo ziliingia kwetu kwa kishindo mwaka 2013. Kampuni ya Azam Media ilisaini mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya shilingi bilioni 5, na kila klabu ya ligi kuu ikatengewa shilingi milioni 100 kwa msimu. Yanga ilipinga. Haikuona haki kwa klabu yenye mashabiki nchi nzima kupata sawa na klabu isiyojaza hata jukwaa moja, tena mnunuzi akiwa ni kampuni yenye uhusiano na timu shindani. Hoja ya pili ilikuwa na uzito. Hoja ya kwanza, kwa maoni yangu, ingeua mikoa. Ligi ambayo wawili wanakula na wengine wanatazama haiwezi kudumu, na mgao sawa ndio uliozipa timu ndogo nauli ya kwenda Kagera na Mbeya.

Mei 2021 Shirikisho la Mpira, TFF, na Azam Media zilitia saini mkataba mwingine, wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa msimu wa kwanza zawadi ya bingwa kutokana na mkataba huo iliwekwa shilingi milioni 500. Tuwe wakweli: fedha hizi zimefanya kazi. Mishahara imepanda, wachezaji wazuri wa kigeni wamekuja, na kijana anayecheza Kirumba Jumatano anaonekana Dar es Salaam, Nairobi na Kigoma. Zamani mtu wa Mwanza aliwaona Simba na Yanga mara chache kwa mwaka, mara nyingine asiwaone kabisa. Sasa anawaona kila wanapocheza. Mama mwenye watoto wadogo, mgonjwa, mlinzi wa usiku mwenye simu yake, wote hao wameingizwa ndani ya mpira na televisheni, na hakuna aliyewajali kabla.

Ila mlipaji mkubwa ndiye anayepanga saa. Zamani mechi za ligi zilijulikana: Jumamosi na Jumapili, saa 10 jioni. Leo mzunguko mmoja hutandazwa siku kadhaa ili kila mchezo upate nafasi yake hewani. Mmoja saa 8 mchana, mwingine saa 10, mwingine saa 1 usiku, mwingine saa 3. Saa 8 mchana siku ya kazi, chini ya jua la Mwanza, nani atafunga genge lake Buhongwa aende Kirumba? Na mchezo wa usiku ukiisha, atarudi na gari gani? Yeye hayumo katika hesabu, kwa sababu elfu chache anazolipa kwenye jukwaa la mzunguko si kitu mbele ya mabilioni.

Tusiisingizie televisheni kila kitu. Kuipenda timu ya Dar es Salaam kuliko ya nyumbani ni maradhi ya zamani. Toto African yenyewe ya hapa Mwanza ilijulikana miaka yote kama mtoto wa Yanga. Lakini televisheni imeyakuza maradhi hayo, na Mwanza ni ushahidi. Mwaka 2017 Mbao ilikuwa gumzo. Iliitoa Yanga 1 kwa 0 Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Dodoma kwenye fainali na kufungwa na Simba 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka huo huo Toto ilishuka daraja. Mwaka 2020 zikashuka Mbao na Alliance pamoja. Fedha za televisheni zilikuwapo wakati wote huo. Jiji la pili kwa ukubwa nchini likakaa hadi 2024 bila timu yake ligi kuu, na vibanda umiza havikupungukiwa hata mteja mmoja.

Kwa hiyo klabu inaweza kupata mgawo wa televisheni na bado ikafa, kama nyuma yake hakuna watu. Kinyume chake pia kimetokea ng'ambo ya ziwa. Ligi kuu ya Kenya iliishi kwa miaka kadhaa kwa fedha za SuperSport. Mwaka 2017, baada ya mvutano juu ya kuongeza timu hadi 18, SuperSport ilivunja mkataba ikaondoka. Klabu zilizokuwa zimezoea hundi ya kila mwezi ziligeuka kuutazama mlango wa uwanja, zikakuta kwamba watu wamekwisha kuzoea kukaa nyumbani. Ziliokuwa na nafuu ni zile zenye umati wa kweli, kama Gor Mahia inapokwenda Kisumu.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mkataba wetu wa miaka 10 utafika mwisho mwaka 2031. Huenda ukaongezwa kwa fedha nyingi zaidi, na huenda mnunuzi akabadili mawazo. Klabu yenye busara ingetumia miaka hii ya neema kulea tena watu wa mlangoni, kama mkulima anayeweka mbegu hata msimu ukiwa mzuri. Sioni dalili kubwa ya jambo hilo. Naona jezi zikiuzwa, naona matangazo ya kampuni za kubahatisha, lakini sijaona klabu iliyokaa na wenye daladala kupanga magari ya kurudi Buhongwa, Igoma na Kisesa baada ya mechi.

Mwanza sasa ina nafasi ambayo miji mingi haina. Pamba ilirudi ligi kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, na mmiliki wake ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Maana yake ni kwamba muuza nyanya wa Buhongwa anayelipa ushuru wa soko ni mwenye timu, apende asipende. Anachangia timu hiyo hata asipokanyaga Kirumba. Mwenye mali wa namna hii ana haki ya kuuliza maswali, na maswali yake ni mepesi kuliko ya mhasibu. Mechi ngapi za nyumbani zimepangwa saa ambayo mtu wa kazi anaweza kufika? Je, halmashauri imewahi kuandika barua kuomba saa nyingine? Kiingilio cha mzunguko kinawekwaje siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga, na kwa nini watoto wa shule za jiji wasiingie bure siku hizo, wakati majukwaa yanabaki matupu?

Diwani wa Buhongwa ana kiti katika baraza la halmashauri hiyo hiyo. Aanze kuulizwa yeye.